Kosa Alilolirudisha Bi Naziha

Bi Naziha hakuwahi kuiita kompyuta kwa jina lake. Alisema "yule mtoto". Mtoto amelala, mwamshe. Mtoto amenuna leo, ana homa. Alifundisha hesabu mjini Kairuani mpaka alipostaafu, na jioni zake za ujanani alizimalizia kwenye nyumba ya vijana, ambako zililetwa mashine chache za kuunganishwa na televisheni. Mashine zile zilisikia amri za Kiingereza tu, na watoto wa mtaani kwetu walikuwa na Kiarabu chao na Kifaransa cha kuungaunga. Basi akawatungia lugha ya programu ya maneno yao wenyewe: andika, rudia, ikiwa, simama. Akaiita Minwal, jina la kitanda cha kufumia mazulia, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nacho.

Mimi nilizaliwa mashine hizo zimeshatupwa. Nilimfuata nikiwa mwanafunzi wa uhandisi, nimekasirika kwamba mtoto wa Kairuani ni lazima aazime ulimi wa mtu mwingine ndipo aiamuru mashine. Hasira hiyo ninayo hadi leo na siiombei msamaha. Majira ya baridi yote tulikaa jikoni kwake, maganda ya machungwa yakinukia juu ya jiko la gesi, tukiiandika Minwal upya ili ifanye kazi kwenye mashine na simu za sasa. Laiti ningeweza kuirudisha hata jioni moja ya majira yale.

Kabla ya kutoa toleo la majaribio, Bi Naziha aliwatangazia wanafunzi wake wa zamani: leteni programu zenu kama mlivyoziandika utotoni, zote zitafanya kazi bila kuguswa.

"Na moja ikikataa?" nilimuuliza.

"Basi niliyoifufua si Minwal, mwanangu. Ni mgeni aliyevaa nguo zake."

Lakini kulikuwa na jambo lililomuumiza tangu ujana. Minwal ya zamani ilikuwa na kosa lake yeye mwenyewe: ukiiambia rudia mara kumi, ilirudia mara kumi na moja. Aliligundua lugha ikiwa imeshaenea kwenye nyumba za vijana za miji mingine. Watoto hawakulalamika, walizoea tu kupunguza moja. Yeye aliona aibu miaka yote hiyo. Kwa hiyo, jambo la kwanza alilofanya jikoni pale lilikuwa kulisahihisha, na siku ile aliimba akiosha vikombe. Tulijaribu kila kitu kwa programu tulizoandika wenyewe, zenye hesabu sahihi, na zote zilipita. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba programu za zamani ziliandikwa na watu waliokwisha kulizoea kosa.

Jumamosi asubuhi tulilitoa toleo, mtu yeyote akaweza kulipakua. Kisha tukaenda nyumba ya vijana. Walikuwa wamejaa, watu wazima wenye vitambi na miwani, wakipitisha sahani za makrudhi, vile vitafunio vya tende, na kutaniana kama wako darasani. Wa kwanza kukaa kwenye mashine alikuwa Fauzi, mwoka mikate. Utotoni aliandika programu ya kuchora zulia la mama yake, fundo kwa fundo, na nakala aliitunza.

Akaichapa, akaiendesha. Kila safu ikapungukiwa na fundo moja, na safu iliyofuata ikaanzia pale nyingine ilipoishia. Zulia zima likapinda.

"Fauzi, zulia lako limelewa!" mtu akapiga kelele.

"Limemfuata mwenyewe!"

Watu wakacheka. Fauzi akakuna kichwa. "Mwalimu, mimi nimepunguza moja kama tulivyozoea. Mpaka leo mke wangu akiniagiza mayai manne naleta matatu."

"Na unapigwa?"

"Napigwa, bwana we!"

Bi Naziha hakucheka. Alikuwa amekwisha kuelewa. Akaketi, akaitazama ile picha iliyopinda.

Fauzi alipomwona, akainama. "Usijali, Mwalimu. Naongeza moja hapa, yaishe."

"Usiguse," akasema. "Niliahidi hutagusa." Akanigeukia. "Rudisha kosa langu."

Nikawaka. "Bi Naziha, hapana! Watoto wa sasa tuwafundishe hesabu mbovu? Tumekaa baridi yote tukisafisha!"

"Nilikuwa najisafisha mimi."

"Lakini ni kosa!"

"Ni kosa, ndiyo. Hawa walijenga juu yake. Wewe unataka nibomoe nyumba zao ili msingi wangu upendeze?" Akanisogezea kiti. "Haraka, mhandisi, watu wanangoja. Au chuoni hawafundishi kukosea?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, safari hii juu yangu. Niliketi nimevimba, nikabadilisha mstari ule mmoja, tukatoa toleo la pili la majaribio kabla chai haijapoa. Fauzi akaendesha programu yake tena. Zulia likasimama wima, kingo zote mbili zimenyooka. Fauzi akatoa simu, akampigia mama yake kwa video, ambaye vidole vyake haviwezi tena kufunga fundo, akaigeuzia skrini ili aone.

"Ni lile la chumbani?" sauti ya kizee ikauliza.

"Ndilo, mama."

"Mbona rangi si zake?"

Siku hizi Bi Naziha anaishi mjini Susa kwa binti yake, na Minwal naitunza mimi. Mara kwa mara kijana fulani mwenye hasira kama zangu hunitumia sahihisho: rudia inapitiliza kwa moja, nimekutengenezea. Kazi yenyewe huwa safi kabisa. Ninaisoma yote, ninamshukuru kwa jina lake, kisha ninaikataa.