Mjusi wa Uani kwa Bi. Zuhura

Kilichonitoa Kakamega ni picha moja. Rafiki yangu afanyaye kazi bandarini Mombasa, mpangaji wa Bi. Zuhura katika Mji wa Kale, alinitumia picha ya mjusi mwenye kichwa cha manjano na mwili wa buluu, anaota jua kwenye ukuta wa ua wa nyumba hiyo. Mimi nasomea mijusi wa msituni, nikaruka kitini. Kiumbe kama huyu anatafuta nini katikati ya nyumba za mawe?

Mwalimu wangu hakuruka. "Picha haitupi jina," alisema, akinipa chupa ya spiriti. "Mlete humu." Bila mjusi, utafiti wangu ungekuwa hauna kichwa wala miguu.

Alfajiri basi lilitushusha Mwembe Tayari. Nilikuwa na sweta, kosa letu watu wa bara, na nilipofika Marikiti nilikuwa nimelowa jasho. Nikapenya kati ya wachukuzi na mafungu ya pilipili hadi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale.

"Hodi!"

"Ngia, mwanangu, ngia. Habari za utokako?"

Rafiki yangu alikuwa kazini bandarini, lakini Bi. Zuhura, mjane mwenye nyumba, alinipa mahamri na chai kabla ya kuniuliza lolote. Kando ya mlango wa jikoni palikuwa na kandambili moja isiyo na mwenzake. Hiyo ilikuwa silaha. Mjusi kafiri, yule mweupe wa usiku, akionekana tu hupigwa. Kumuua ni thawabu, ndivyo waaminivyo. Nikafurahi, nikaona hapa sitapata kizuizi. Nikaitoa chupa.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kumhifadhia yule mjusi wa uani, mama. Ili tumjue jina."

"Yaani umuuwe?" Akaweka kikombe chini. "La, mwanangu. Yule si kafiri. Kafiri hutoka usiku, huyu yuwaota jua nasi. Mtazame utosheke, lakini chupani hangii."

Safari nzima niliiona ikienda bure. Nikaomba angalau bilauri ya kumtazamia.

Jua lilipofika uani, akatokea. Nikamfunika kwa bilauri, naye akapanda kioo, nikamwona kwa chini. Mungu wangu! Chini ya vidole vilijipanga vigamba vyembamba kama makuti ya paa. Mboni ya jicho ilikuwa duara, si ufa mwembamba kama wa mijusi wa usiku. Na ncha ya mkia nayo ilikuwa na vigamba vilevile, imeng'ang'ania kioo. Mguu wa tano! Ukoo nikaujua papo hapo, ni ule wa mijusi wadogo wa mchana.

"Subhana'Llah," Bi. Zuhura alinong'ona begani kwangu.

Lakini ndani ya ukoo huo spishi hufanana mno, na kuzitenganisha kwa uhakika hutaka kipande cha nyama maabarani. Sikuwa na kipande. Nilipoinua bilauri akachomoka, nami bila kufikiri nikamdaka. Nikabaki na mkia kiganjani, ukijipinda wenyewe.

"Ushamvunda!" Bi. Zuhura alipaza sauti.

Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Tukamtafuta kwa macho. Kumbe alikuwa juu kwenye boriti, hana mkia, anatafuna mdudu kana kwamba hapakutokea neno. Bi. Zuhura akamtazama mpaka hasira zikashuka, kisha akakitazama kiganja changu.

"Haya, chukuwa huo mkia. Kakupa mwenyewe."

Jioni nilipanda basi la kurudi. Mwalimu aliinua chupa kwenye mwanga.

"Huu ni mkia. Mjusi yuko wapi?"

"Yuko kwao, mwalimu. Anaotesha mwingine."

Akakunja uso, akauweka mkia chini ya hadubini. Alipoinuka aliniambia niupeleke maabara, utafiti uendelee. Jibu lilipotoka, alikuwa ni mjusi wa misitu ya pwani, mwenyeji wa tangu zamani wa ufuo ule na wa kisiwa chenyewe cha Mombasa. Nilisafiri kwenda kujua amefikaje mjini, kumbe mji ndio uliomfikia yeye.