Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Wiki iliyopita jirani yangu wa kibanda, muuza viatu, alinisomea kwenye simu orodha ya chapa zenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Mimi nauza mitumba hapa sokoni Bakoba, kwa hiyo alidhani nitafurahi. "Dada, ile ya jezi zako imepanda!" akasema. "Wanasema thamani yake ni kwamba mtu yeyote, popote alipo, akiiona anaijua."

Nikamwambia aniondolee simu yake. Alicheka, akidhani natania.

Mdogo wangu wa kiume alikwenda kisiwani Goziba kuvua akiwa na jezi ya chapa hiyo, ya bluu, niliyomchagulia mwenyewe kutoka kwenye belo la mitumba. Kabla hajaondoka, mama aliipindua kola akashona ndani yake mishono mitatu ya uzi mwekundu. Ndivyo alivyotushonea tangu tukiwa bweni, nguo zetu zisichanganyike na za wenzetu. Mdogo wangu alinung'unika, mtu mzima na ndevu zake anashonewa alama, lakini alimwachia.

Mtumbwi wao ulipinduka. Siku ya nne tukapigiwa simu kwamba mwili mmoja umepatikana, nami nikapanda boti kwenda kuutambua, maana mama hakuweza safari. Uso haukuwa wa kutambulika. Nitasema hivyo tu. Nikaona jezi ya bluu, nikaona nembo kifuani, nikasema, "Ndiye." Kola sikuigusa. Niliogopa, harufu ilinishinda, na kusema kweli nilitaka yaishe.

Jeneza likapigiliwa misumari. Nikateremka mwaloni kusubiri boti, nikawakuta wavuvi wanaanika dagaa. Watatu kati yao walikuwa na jezi ya bluu, nembo ileile. Nikamuuliza mmoja wameitoa wapi. Akaniambia kuna mchuuzi alileta belo zima, nusu ya kambi wanazo.

"Na wale wengine wa mtumbwi ule?"

"Bado wawili, dada. Ziwa halijawatoa."

Ningeweza kurudi nikaomba jeneza lifunguliwe. Sikurudi.

Tulizika kwetu Muleba, kibanjani, kati ya migomba, hatua chache kutoka kaburi la baba. Watu walipotawanyika mama aliniuliza jambo moja tu. "Mwanangu, uzi wangu uliuona?"

"Niliuona, mama."

Akamshukuru Mungu, akakubali kula kidogo.

Tangu hapo kila jezi ya bluu inayopita mikononi mwangu naipindua kola. Wateja wanadhani natazama saizi. Mara moja nilimfuata mwanaume nisiyemjua kutoka sokoni hadi stendi, kwa sababu ya mgongo wake tu, na alipogeuka nikajifanya nimemfananisha. Misa sikosi, lakini hili sijamwambia hata padri.

Jumapili hii nilikwenda kumwona mama. Amepungua sana. Aliomba nimshike mkono, tukaenda taratibu hadi kaburini, akapima kwa fimbo yake nafasi iliyo kando.

"Mimi mtanilaza hapa, ubavuni mwa mwanangu," akasema. "Baba yenu atanisamehe. Yeye amezoea kulala peke yake, huyu bado mtoto."

Nikamtazama, nikataka kumwambia.

"Sawa, mama," nikasema. Nikachukua jembe, nikaanza kupalilia mahali pake.