Abiria Aliyelala Kitandani

Juzi, kwenye barabara ya vumbi kati ya Kitengela na Kajiado, gari langu lilisimamishwa na polisi nyuma ya basi dogo lililogeuzwa nyumba: jiko, mapazia na kitanda kimoja. Ndani, familia ilikuwa ikimpeleka nyanya, ambaye hospitali ilishamkatia tamaa, akaone boma lake mara ya mwisho. Walipita njia za ndani ili atazame malisho polepole.

Askari alichungulia dirishani. "Huyu mbona amelala? Abiria anakaa, anafunga mkanda."

"Afande, hawezi kukaa," mwana wa nyanya alisema, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Tumebakisha kilima moja tu."

"Basi mngeita ambulensi. Logbook inasema basi, haisemi kitanda."

Akafungua kitabu chake, akalamba kidole, akaanza kutafuta kosa hilo linaitwaje. Mjukuu alimsogezea nyanya pazia. "Koko, angalia pale. Ile ndiyo kilima yetu." Mimi huko nyuma nilikuwa natazama saa.

Kurasa zilikuwa bado zinafunuliwa mjukuu aliposema, bila kupaza sauti, "Baba, koko hapumui."

Askari alivua kofia. Aliinamisha kichwa kwa heshima kabisa, kisha akaivaa tena.

"Poleni sana. Sasa, mko na kibali ya kubeba maiti?"

Hawakuwa nacho. Basi likageuzwa kurudi Kitengela kukitafuta, kilima kikabaki nyuma.

Wote pale kwenye kizuizi cha polisi tulitii sheria. Ni nyanya peke yake aliyeondoka bila ruhusa.