Kompyuta Tuliyoifumia Kitambaa

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nashika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, katibu wa kanisa letu dogo pale mtaani Jericho. Miaka hiyo ya tisini nilijiona mtu kwelikweli, kwa sababu shingoni nilivaa ufunguo.

Ufunguo wa nini? Wa chumba cha kompyuta. Usicheke. Ofisi moja mjini ilinunua mashine mpya, ikatugawia moja ya zamani kupitia muumini wetu aliyekuwa tarishi huko. Ililetwa kwa mkokoteni, imefungwa blanketi, na watu wakatoka nyumbani kuitazama kama bibi harusi. Mchungaji aliiombea. Akasema waziwazi kwamba ni ya vijana wa mtaa ambao wazazi wao hawawezi kuwalipia vyuo vya mjini. Tukaitikia amina.

Halafu unajua tulifanya nini? Kina mama wakaifumia kitambaa! Unatujua sisi na vitambaa: kochi lina chake, redio ina chake, hata jagi la maji lina kofia. Basi kompyuta ikapata kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni, nami nikafunga mlango. Wageni wakija kutoka makanisa mengine, nafungua, nafunua kidogo, wanasema "Bwana asifiwe," nafunika. Miezi ikapita hivyo, na hakuna mkono wa kijana hata mmoja ulioigusa.

Nekesa alikuwa binti wa mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na cheti kizuri, lakini alikuwa akifulia watu nguo. Siku moja akaitwa kwenye usaili wa ukarani katika kiwanda kimoja, na barua ikasema watapimwa kwenye kompyuta. Alikuwa na wiki mbili. Akanijia.

"Sista Rebeka, nifungulie tu dakika kumi. Nijue hata vile inakaa."

Nikamwambia kamati ya kanisa haijakaa kuamua. Akarudi baada ya siku tatu, nikamwambia bado. Aliporudi mara ya tatu nilimtazama vidole nikamwambia, na Mungu anisamehe, "Na mikono ya omena, Nekesa? Utaichafua." Akaificha mikono nyuma, akaondoka.

Kazi hakuipata.

Habari zilimfikia Kukhu Rasoa. Huyu, tuliyemwita kukhu yaani nyanya, alikuwa bibi mkongwe wa kanisa, mjane wa mfanyakazi wa reli, asiyejua kusoma ila asiyeogopa mtu, hata mchungaji. Alinijia Jumamosi nikifagia kanisa, amemshika Nekesa mkono kama polisi.

"Fungua hiyo nyumba ya kompyuta."

Nilifungua, mwanangu. Ungefanya nini? Akaingia, akakitazama kitambaa, akakivuta, akakitupa kitini.

"Hii kitu ni maiti? Mbona mnaifunika? Wewe msichana, sikiza. Mimi niko na vikombe kwa kabati tangu niolewe. Vya wageni. Mzee wangu alikuwa anaviangalia tu, anakunywa chai kwa kikombe ya bati. Amekufa hajakunywa kwa hata kimoja. Sasa hao wageni ni akina nani? Wako wapi?" Akavuta kiti, akaketi. "Haya. Washa tuone."

Nikaisogelea. Nikabonyeza kitufe cha kwenye kioo, kikawaka kijitaa, basi. Nikabonyeza tena. Kioo cheusi kimenikodolea macho. Nikatikisa waya. Kukhu ananitazama. Na hapo ndipo siri yangu ilipoanikwa: mwenye ufunguo hakujua hata kuiwasha! Nilijua kupiga taipu, ndiyo maana kamati ikanipa ufunguo, nami nikaona haya kusema kwamba mashine hii siijui. Ndiyo sababu kamati "haikukaa." Omena ilikuwa kisingizio. Kumbe wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Nekesa akainama taratibu, akapeleka mkono kwenye lile sanduku la chini, akabonyeza nyuma. Mashine ikanguruma.

"Ni hapa, Sista," alisema kwa upole. "Pale kwa usaili nilishindwa kuwasha. Kuna mama alinionea huruma, akaniwashia. Ndiyo nikaona."

Mwanangu, afadhali angenitukana. Nililia mbele yao, na Kukhu hakunibembeleza. Alinyoosha tu mkono, nikavua ufunguo shingoni, akampa Nekesa. Nekesa ndiye aliyetufundisha sote baadaye, akisoma kijitabu kilichochanika jalada, na mimi nilikaa benchi la mbele. Lakini ile kazi ya kiwandani ilikuwa imekwenda. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea miaka yote hii.

Sasa nakueleza haya kwa nini? Kwa sababu umenichosha! Juzi nilikuwa nimeketi hapa kwako Kware, nikamsikia jirani yako, yule mama anayefanya kibarua, akikuomba umjazie fomu ya bintiye ya kujiunga na chuo. Simu yake imepasuka kioo. Ukamwambia aende saiba, kwenye kompyuta za kulipia, laptop ni ya kazi. Ya kazi! Nimeiona ilivyolala kwenye mfuko wake mzuri, imebakia kufumiwa maua.

Chombo hakimaliziki kwa kuguswa. Aliye mlangoni akiomba ujuzi usimtazame vidole, na ukiona haya kwamba nawe hujui, sema hujui, mjifunze pamoja. Usimjazie fomu tu, maana kesho atarudi kuomba tena. Mwonyeshe pa kuwashia, kisha mwachie aguse mwenyewe. Na ufanye upesi, maana fomu ina siku yake ya mwisho, na mlango ukishafungwa machozi yako hayataufungua. Yangu hayakuufungua.

Mungu akubariki, mwanangu, akuzidishie ulicho nacho, na akuondolee ubahili huu ambao hata sijui umeurithi kwa nani. Ama najua. Haya, inuka ukamwite yule mama na bintiye. Mimi nawawekea chai, kwenye vile vikombe vya wageni ulivyofungia kabatini.