Picha Niliyoituma Kabla Mzee Hajavuka Daraja

Nilikosea mimi. Msinitafutie visingizio, nimeshavitafuta vyote na hakuna hata kimoja kinachosimama.

Shangazi yangu wa Igowole, aliyenisomesha chuo, huuza viazi Malawi. Mwaka huu wafanyabiashara wa upande wa pili walizuia malori yetu, wakidai tunawaharibia soko. Lori lake likakwama mpakani Kyela, viazi vikaanza kutoa maji. Nikatoka Mbeya mjini kwenda kumsaidia.

Mwenyekiti wa kamati ya hao wafanyabiashara wa Malawi, mzee mmoja mpole, akavuka daraja la mpakani kuja kuzungumza. Saa nzima shangazi alimuuliza habari za watoto na mvua, kwa Kinyakyusa alichojifunza barabarani, kinachoeleweka pande zote mbili za mpaka. Nikakereka. Hiyo ndiyo diplomasia? Mimi niliyeandika chuoni kwamba mtandao umeua vikao vya siri!

Mwishowe mzee akakubali malori yavuke kesho yake. Akaomba jambo moja tu.

"Niacheni niwaambie vijana wangu mwenyewe. Wasikie kwangu."

"Umesikia, baba?" shangazi akaniuliza.

Nikaitikia. Lakini picha nilikuwa nimeshapiga: mzee anacheka, kamshika shangazi mkono. Alipoaga tu, nikaituma mtandaoni na maneno haya: "Wamesalimu amri." Kwa nini ukweli usubiri? Ndivyo nilivyojiuliza, mpumbavu mimi!

Vijana wake waliiona kabla hajafika. Wakampokea kwa matusi, kwamba kanunuliwa kwa sahani ya wali. Wakamvua uenyekiti siku hiyo hiyo. Simu za shangazi mzee hakupokea tena. Malori hayakuvuka. Viazi tukavimwaga.

Na nyie mlioandika chini ya picha "safi sana kamanda", mlikuwa wapi tukimwaga? Mlishahamia kwenye mpira! Nawakasirikia, halafu nakumbuka nani aliwaita.

Nilimwambia shangazi watu wana haki ya kujua. Hakuinua sauti.

"Wangejua kesho, lori likivuka. Wewe ulitaka wakujue wewe."

Kijana mwenzangu unayeingizwa kwenye vikao vya wakubwa, hoji kila kitu, mimi bado nahoji. Ila kabla hujabonyeza, mwangalie huyo aliyelegeza msimamo kwa ajili yako, ujiulize anarudi kwa nani.

Yule mzee alivuka daraja kwa miguu, peke yake. Shangazi anasema aligeuka akanipungia mkono.

Sikumwona. Nilikuwa nasoma maoni.