Mzima, Asante

Watu wa bonde la Askerdale, huko Uingereza, wana ugonjwa mmoja usio na dawa: ukiwauliza hali, wote wazima. Nyumba iungue, mume atoroke, wao wanakwambia hawawezi kulalamika. Na bingwa wa ugonjwa huo alikuwa Cyril Bracegirdle, muuza maziwa mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe na kubaki na mbwa wake wa kuchunga kondoo, Tansy. Majira ya baridi aliteleza jikoni, nyonga ikavunjika. Tarishi akainamia tundu la barua mlangoni, akauliza, "Bwana Bracegirdle, uko salama?"

Naye Cyril, chali juu ya vigae, akajibu, "Mzima, asante! Barua ziache tu hapo!"

Tarishi akaenda zake. Jirani alimkuta jioni, meno yanagongana kwa baridi. Haya, akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini za huyu mzee zilikuwa za kunyolewa.

Binti yake, Rosalind, alikuja kutoka Leeds akamchukua Tansy, maana mtu wa magongo atamtembezaje mbwa wa kondoo? Cyril akabadilishiwa nyonga, akapata nyingine mpya ya chuma. Baridi ikaisha, maua ya manjano yakachipua kando ya njia, na mbwa bado yuko ghorofani Leeds. Mzee akawa anazungumza na birika la chai. Mwishowe akapiga simu kudai mbwa wake.

"Baba, uzunguke kilima cha Callow kwanza," alisema Rosalind. "Kutoka kanisani, upande kilima, urudi kwa njia ya farasi mpaka baa. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao tutakuja kula pale. Ukifika kwa miguu, Tansy wako. Ukishindwa, anabaki na watoto. Wameshamzoea sana."

"Nitafika."

"Basi nije nikusindikize."

"Unisindikize ya nini? Mimi mzima!"

Rosalind akasema sawa, basi aje peke yake.

Basi mzee akaanza mazoezi. Siku ya kwanza alifika kwenye sanduku la posta, akarudi akitweta. Baadaye kanisani. Baadaye geti la kondoo. Vikongwe walikuwa wakimchungulia kwenye mapazia, na mwenye duka akimwona tu: "Leo mpaka wapi, Cyril?" "Mpaka pale pumzi itakapoishia." "Basi utarudi saa hii hii!" Wanacheka. Lakini kila juma alikwenda mbele kidogo, na suruali zikaanza kumpwaya kiunoni.

Jumapili ikafika. Akapita kanisani, akapanda Callow upepo ukimvuta masikio, akifunga kila geti nyuma yake kama alivyofunzwa utotoni. Kileleni akaiona baa chini bondeni, akacheka peke yake. Mambo si hayo!

Kumbe bado. Mwisho wa malisho, kabla ya kuingia njia ya farasi, pana kivukio, ngazi ya mbao ya kupitia juu ya ua wa mawe. Mguu mzima ukavuka. Ule wa nyonga mpya ukagoma. Akabaki ameupanda ubao kama mtu aliyepanda punda asiyekwenda, na fimbo yake ikaangukia kwenye majani ya kuwasha.

Wakaja mume na mke, wapita njia, mabegi mgongoni. Wanataka kuvuka. Wakasimama nyuma yake, foleni kabisa.

"Samahani, uko sawa?" akauliza mwanamke.

"Niko sawa kabisa. Natazama mandhari."

"Oo, samahani kukusumbua!"

Na wakaenda kutafuta geti jingine, mwendo wa malisho mawili, ili wasimharibie mzee mandhari yake. Mungu wangu!

Kisha kwenye njia ya farasi akatokea Daphne Pargeter, mwanakijiji mwenzake, juu ya farasi wake. Hawa wawili hawakuwa wanaongea ila habari za hali ya hewa, tangu Tansy alipowachunga bata wa Daphne wote akawaingiza kanisani katikati ya harusi.

"Naona mvua inakuja, Bwana Bracegirdle."

"Naona hivyo, Bi. Pargeter."

"U mzima?"

"Mzima, asante."

Akampita. Mvua ikaja kweli. Cyril akaitazama baa kule chini, akafikiria Rosalind anavyovaa koti, watoto wanaingia garini, na Tansy anapandishwa kiti cha nyuma. Akaona jikoni kwake, kimya, na birika. Hapo aibu ikaona bora impishe.

"Daphne! Mimi si mzima! Nimenasa! Njoo unisaidie, jamani!"

Kwato zikarudi upesi. Hakuwa mbali, alikuwa amesimama tu pale konani.

"Nilijua umenasa," alisema akishuka.

"Sasa mbona uliniacha?"

"Umesema u mzima. Nikuite mwongo Jumapili yote hii? Haya, legeza mguu."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, mguu kama gogo! Legeza!"

Akaukamata ule mguu kwa mikono miwili, akauvusha. Akamwambia apande farasi, Cyril akakataa katakata, ni kwa miguu tu. Basi wakateremka pamoja polepole, mzee ameshika mkanda wa tandiko.

"Wale bata, Daphne, nisamehe."

"Ah! Walitembea vizuri kuliko bibi harusi."

Walipofika baa, Rosalind alikuwa mlangoni, koti mwilini, Tansy analia akivuta kamba.

"Baba! Umefika! Peke yako?"

"Peke yake," Daphne akadakia. "Mimi nimemkuta hapa nje."

Cyril akamtazama mbwa. Lilikuwa neno moja tu la kuitikia, na Tansy ni wake.

"Anadanganya kwa ajili yangu," akasema. "Nilinasa kwenye kivukio, Rosalind. Nikamwita. Yeye ndiye aliyenivusha."

"Wewe uliita mtu? Ulisemaje?"

"Nilisema mimi si mzima, anisaidie."

Rosalind akafunika mdomo, machozi yakamtoka. "Sikuogopa miguu yako, baba. Hata kidogo. Nilikuwa silali, nikijua siku ukianguka tena utakufa hapo chini ukimshukuru tarishi."

Akamwekea kamba ya Tansy mkononi. Mbwa akamrukia mzee karibu amwangushe, Daphne akamdaka kwa nyuma. Cyril akaketi kwenye benchi lililolowa, akamkumbatia mbwa wake, akalia kwa sauti mbele ya baa nzima, wala hakumwomba mtu radhi.