Karatasi Iliyosema Mbatata

Asifiwe Mungu Baba, aliyeniumba katika milima ya Umatengo, akanilea kwa mikono ya wazazi waliojua kusali kabla ya kujua kusoma, na akanipa miaka mingi kuliko niliyoiomba. Kila asubuhi ninapoamka namshukuru kwa pumzi. Namshukuru hata kwa yale ambayo sikuyaelewa, na kwa hili ninalolisimulia, ambalo mpaka leo sijalielewa lote.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa mimi nikiwa mwalimu kijana, miaka michache baada ya nchi kupata uhuru, katika kijiji cha baridi kisicho mbali sana na Kigonsera, ambako nilisomea kwa mapadre. Nyumbani kwetu tulilima mahindi na maharage kwenye ngolo, yale mashimo ambayo wazee wetu waliyachimba mteremko mzima ili mvua isibebe udongo. Chini kidogo, penye unyevu, tulilima viazi mviringo. Asubuhi viazi, na jioni viazi ndani ya maharage. Mtoto aliyeachishwa ziwa alipondewa viazi.

Huyu wetu alipopondewa mara ya kwanza alitapika. Tukasema ni tumbo. Mara ya pili midomo ikavimba, na macho yakawa madogo kama ya mtu aliyelia siku nzima. Mama yangu mzazi akasema maharage hayakuiva. Tukayachemsha mpaka yakapasuka, tukayachanganya na viazi kama desturi, na mtoto akavimba tena, safari hii akikoroma kifuani. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu ana jicho baya na nyumba ya mwalimu. Nilimkemea, lakini nakiri kwamba usiku nilianza kuhesabu moyoni watu walionionea wivu.

Aliyeupata ukweli ni mke wangu. Asubuhi moja alikuwa akimenya viazi uani, na mtoto, aliyekuwa bado hajatia kitu kinywani, akawa anacheza na maganda. Mke wangu akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Njoo uone mikono yake. Leo hajala chochote. Ameshika maganda tu."

Viganja vyote viwili vilikuwa na mabaka mekundu yaliyoinuka, mpaka kwenye vifundo. Tulimwosha, tukangoja, yakashuka. Baada ya siku kadhaa mke wangu akampa maharage matupu, naye akala akamaliza, akalala vizuri. Basi tukajua.

Mama yangu hakukubali upesi. "Mtoto wa Kimatengo akatae viazi?" alisema akicheka. "Basi semeni kweli, huyu mmemwokota wapi?" Lakini alipoyaona mabaka kwa macho yake aliacha kucheka, na tangu siku hiyo alikuwa mkali kuliko sisi.

Tulimpeleka kwa sista mmoja mzee aliyekuwa muuguzi. Siku hizi naambiwa jambo hili huitwa mzio. Wakati ule sista hakutupa jina, alitupa maelezo. "Mwili wake unakosea," alisema. "Unakidhania chakula kuwa adui, nao unapigana nacho. Kila vita inaweza kuwa kubwa kuliko iliyopita. Msimjaribu tena, hata kidogo, hata mchuzi uliopikiwa viazi."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Chungu chake kilikuwa peke yake, na mwiko wake ulitundikwa mbali na miiko mingine. Maganda yalifukiwa. Kwenye harusi na misiba mke wangu alikwenda na chakula cha mtoto kwenye kitambaa, na alivumilia maneno ya wanawake waliomwona anaringa. Ni kazi ngumu kumlinda mtoto na kitu ambacho kila mtu anakipenda na kukigawa kwa upendo.

Mtoto alipokuwa na miaka minne na ushee nikapewa uhamisho kwenda mwambao wa Ziwa Nyasa, kijiji kimoja cha ujamaa kusini ya Lituhi. Tuliteremka mlima siku mbili, na nilipoona mchanga na mashamba ya muhogo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kule viazi mviringo havioti, joto haliviruhusu. Watu walikula ugali wa muhogo na dagaa, na viazi vitamu msimu wake, na viazi vitamu havikumdhuru binti yetu hata kidogo. Alivipenda mno. Mke wangu aliutundika ule mwiko pamoja na mingine. Tulipumzika, na katika kupumzika tukalegea.

Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na ili akina mama walime, watoto wadogo walikusanywa kwenye chekechea, wakapikiwa chakula cha mchana. Mpishi mkuu alikuwa mjane wa Kinyasa, mwanamke wa makamo, mwenye mikono mipana na utani mwingi. Watoto walimwita Bibi. Jioni alikuja kwenye darasa langu la elimu ya watu wazima, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alifuata kila herufi kwa kidole, na alipomaliza neno alilisema tena kwa furaha, kama mtu aliyefungua mlango uliokuwa umekwama.

Mke wangu alisema, "Waandikie jikoni. Viazi havipo leo, lakini lori likija kutoka mlimani, nani atakumbuka?"

Nilienda kwa mganga wa zahanati yetu. Alikuwa Mwislamu kutoka Unguja, mtu mpole aliyeletwa mbali na kwao kama nilivyoletwa mimi, na watu wote walimwita Daktari. Nilitaka karatasi yenye mhuri, kwa sababu nilijua jikoni wataheshimu mhuri kuliko maneno yangu. Nilimweleza habari yote, kwamba ni viazi mviringo. Akasikiliza akitikisa kichwa, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mtoto huyu asile mbatata kabisa. Ni hatari kwa maisha yake.* Akapiga mhuri.

Niliisoma. Nilijua kwamba watu wa pwani na visiwani huviita viazi mviringo mbatata. Nilifurahi hata, maana nililiona ni neno la Kiswahili cha wenyewe, bora kuliko letu la kuokoteza.

Nilimkabidhi mpishi mbele ya jiko. Akafuta mikono, akaweka kidole kwenye mstari. "A-si-le m-ba-ta-ta." Akanyanyua uso. "Mbatata, Mwalimu? Lakini nimemwona anakula, hapo kwako, juzi tu."

Kengele ilikuwa imelia, na watoto walikuwa wananingoja darasani. Nilijua nyumbani kwangu hakuna kiazi mviringo hata kimoja, basi nilidhani anasema ovyo, au amechanganya mtoto na mtoto.

"Mama," nikamwambia, "wewe fuata karatasi."

"Haya, Mwalimu," akasema. "Mwenye kusoma ni wewe." Akaikunja, akaichomeka kwenye makuti ya paa, juu ya mafiga.

Kuna majuma yaliyopita baada ya hapo. Binti yangu alirudi siku moja amenuna. "Bibi ananinyima viazi," akasema. "Wenzangu wanapewa, mimi napewa uji." Nilimpapasa kichwa na kumwambia Bibi anampenda. Nilifurahi kwamba karatasi inafanya kazi. Sikumuuliza ni viazi gani. Mke wangu alikuwa shambani, hakusikia.

Kisha lori likaja kutoka mlimani kuchukua dagaa wakavu, likaleta magunia ya viazi mviringo kama zawadi ya kijiji kwa kijiji. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa ubaoni nikifundisha hesabu, nikaliona likipita, na sikuweka chaki chini. Nilisema moyoni, karatasi ipo.

Kabla ya mapumziko ya mchana mwanamke mmoja alisimama mlangoni akihema. "Mwalimu, mtoto!"

Nilimkuta kwenye mapaja ya mpishi. Uso haukuwa wake. Midomo ilikuwa imegeuka nje, na kila pumzi ilitoa sauti nyembamba kama filimbi. Mpishi alikuwa akimpepea kwa khanga na kusema neno lile lile.

"Sikumpa mbatata, Mwalimu. Haki ya Mungu sikumpa mbatata. Wenzake wamekula mbatata, yeye nimempa hivi vya lori."

Nilimbeba nikakimbia, na mpishi akanifuata. Daktari alikuwepo, naye hakuchelewa. Alimchoma sindano, akamwinua kichwa, akamchoma nyingine. Aliniuliza bila kugeuka, "Kala mbatata?"

"Hapana, Daktari," mpishi akajibu. "Mimi nilisoma ile karatasi." Akafungua pindo la khanga, akatoa kiazi mviringo chenye udongo wa kwetu. "Amekula hiki."

"Hiyo ndiyo mbatata," Daktari akasema.

Mpishi akamtazama kama mtu anayesemeshwa na mwendawazimu. "Hii? Mbatata ni zile tamu, Daktari. Zile ndefu. Huku kwetu tangu enzi za babu zetu mbatata ni zile tamu."

Ile sauti ya filimbi ilikuwa imekoma, na Daktari alikuwa ameinama, sikio lake kifuani pa mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavua kofia yake.

Tulimzika kesho yake, mchangani, kwa sala za Kanisa. Katekista alisali, na Daktari alisimama pembeni na kofia mkononi mpaka mwisho. Mke wangu hakulia mbele ya watu. Alikuwa ameniuliza swali moja tu, tulipokuwa tukimwosha mtoto: "Kwa nini hukusema tu viazi vya Umatengo?"

Siku ya tatu maneno yakaanza. Mpishi ni mjane, hana mtoto aliye hai, na mtoto wa mwalimu amefia mikononi mwake. Wanawake wakawatoa watoto wao chekechea. Mtu mmoja akatupa mchanga mlangoni pake. Nilisikia yote hayo, na nitasema kweli kwa sababu Mungu anaisikia: siku mbili nilinyamaza. Sikumtuhumu, ila nilinyamaza. Niliona ni nafuu watu waseme uchawi kuliko waseme kwamba mwalimu aliulizwa akakataa kujibu.

Siku ya tano mwenyekiti aliita mkutano shuleni, kuamua kama mpishi aondoke kijijini. Mpishi aliketi kwenye benchi la mbele, benchi lile lile alilokalia jioni akijifunza kusoma. Nilisimama. Nikashika meza.

"Huyu mama hana kosa," nikasema. "Aliambiwa asimpe mbatata, naye hakumpa. Karatasi niliileta mimi. Sikujua kwamba neno hilo kwenu lina maana nyingine."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Ina maana neno moja tu ndilo limeua, Mwalimu? Neno?"

"Si neno," akasema mpishi. Hakugeuka, alikuwa akinitazama mimi. "Nilimuuliza."

Nikaiachia meza.

"Aliniuliza," nikasema. "Aliniuliza, nami sikumsikiliza."

Hakufukuzwa. Lakini hakurudi jikoni tena, alikataa mwenyewe. Alisema mikono yake haijui tena kipimo. Na darasani hakuja tena. Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba arudi kusoma. Mara ya pili alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Yanatosha niliyoyajua, Mwalimu." Sikwenda tena.

Daktari na mimi tulifanya jambo moja. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza nani ana chakula kinachomdhuru. Tulipata mtoto mmoja wa karanga na mzee mmoja wa samaki. Hatukuandika jina la chakula. Tulimtaka kila mmoja alete kitu chenyewe jikoni, kila mpishi akishike mkononi, na aseme kwa lugha yake kinaitwaje, kisha tuulizane tena mpaka mwenye kuuliza aridhike. Ilichukua siku nyingi, na watu walituona wajinga. Yule mtoto wa karanga alikua, nami nilimfundisha mpaka akamaliza darasa la saba.

Mke wangu alimwendea mpishi kabla ya mwaka kwisha. Sijui walisemezana nini. Nilijua tu kwamba amekwenda kwa sababu alirudi na samaki aliopewa, akawapika, akaniwekea, akaketi upande wa pili wa jamvi. Mimi alikawia zaidi kunisamehe. Tulizaa wengine, tulisali pamoja kila jioni, na hakuwahi kunitukana. Lakini ilipita miaka kabla hajaniachia tena nimpelekee mtu ujumbe wake. Alikuwa akiamka, anajitanda khanga, anakwenda kusema mwenyewe. Nilimwona akitoka, nami nilikaa. Hicho ndicho kilichokuwa kitubio changu, na hakikutolewa na padre.

Sasa amelala yeye naye, juu milimani kwetu, na mtoto amelala mchangani karibu na maji, mbali naye. Nangoja kwa uvumilivu niwaone wote wawili, nikijua kwamba huruma ya Mungu ni pana kuliko haraka yangu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutunze pamoja na wote wanaokula kwenye sinia yako. Ausimamie mlango wa jiko lako, awape wanao pumzi nyepesi, na siku mtu mdogo kwako atakapokuuliza jambo nawe una haraka, akushike bega, akusimamishe, mpaka umemjibu. Amina.